Antreprenere amekula avansi na shantie imesimama: unaanzia wapi?

Bandugu ba Lubum, kila mwaka mbele ya mvua iko story moja: mutu anapana avansi ya dola, ukuta unafika ku dirisha, kisha telefone ya antreprenere haipite tena. Na wazo ya kwanza ni kukimbia kwa OPJ (polisi wa kuchunguza makosa) aje amufunge. Tulia kwanza. Kama mulipatana kazi na hakuimaliza, ile ni deni ya sivile (ya kati ya bantu, hapana kosa ya kufungwa), OPJ hana kazi ya kukukusanyia makuta. Eskrokeri (wizi wa kudanganya), artikle 98 ya kodi penale, ni pale alikudanganya tangu mwanzo, jina ya uongo ao kampuni yenye haiko.

Kusanya kontra, devi, resi za simenti, mesaji zote za WhatsApp, usifute hata moja. Hakuna kontra ya karatasi? Kodi ya numeriki ya 2023 inakubali maandishi ya elektroniki, na kama yeye ni mukomersa, sheria ya OHADA (sheria ya biashara ya nchi nyingi za Afrika, Kongo iko ndani tangu 2012) inakuachia kuleta ushahidi wa kila namna.

Sasa hapa njo bantu banaharibu dosie yao wenyewe. Kesho yake banaleta masoni mupya, anabomoa kona yenye kupinda, anapiga krepi juu, na siku ya odianse juge anauliza ile kosa ilikuwa ya nani, hakuna wa kujibu. Mbele mutu aguse tofali hata moja, ita wisie (mutu wa tribinali wa kuandika na kupeleka makaratasi) afanye konsta, ni kusema aandike vile mambo iko: ukuta uko na mistari ngapi, chuma ya nguzo ni ya milimita ngapi, simenti imebakia mifuko ngapi, na picha zipigwe na metre ikiwa imeegemea ukuta. Ila wisie anaandika paka chenye macho inaona. Kama linto (boriti ya juu ya mulango ao dirisha) imepasuka na munabishana sababu, omba tribinali iteue eksperi.

Kisha tuma mizandemere (barua ya kumudai na kumupa siku), kupitia wisie ao na akize resepsyo (karatasi yenye anasaini kuonyesha amepokea). Fupi tu: "Tulipatana tarehe fulani, nilikulipa kiasi hiki, kazi imesimamia hapa, nakupa siku 8 urudie shantie ao urudishe baki, la sivyo naenda tribinali." Matusi acha, itasomwa mbele ya juge.

Akinyamaza, soma kontra tena. Kama iko klozi ya abitraji (munakubali mabishano yaamuliwe na mwamuzi mwenye mulichagua), tribinali itakurudisha kule. Kama haiko, na yeye iko na RCCM (namba ya rejista ya biashara), ni tribinali ya komersi. Masoni wa mutaa asiye komersa, ni tribinali ya pe ao grande enstansi, kufwatana na kiasi.

Watu banapenda kusifu enjonksyo ya kulipa (amri ya juge ya kulipa deni) juu inaenda mbio. Kwa mwenye aliuzisha simenti na iko na bo (karatasi za kupokea mali) zenye kusainiwa, ni dawa. Kwa ukuta mubaya haifae, juu kiasi yenyewe munabishania, na deni inapaswa kuwa ya hakika, yenye kuhesabika na yenye siku yake imefika.

Hauna makuta ya avoka? Kila baro (chama ya ba avoka) iko na biro ya konsiltasyo ya bure, uliza kwa batonie, mukubwa wao. Mwenye makuta naye, honoreri muandikishane mbele ya kuanza. Na kati ya bakomersa usilale, deni inakufa kisha miaka 5.

Mapema pia, chunguza banki yake ni gani na nini iko kwa jina yake, juu jijima (hukumu ya tribinali) bila kitu ya kushika ni karatasi tu. Ile kamyo ya mchanga yenye kuandikwa kwa jina ya shemeji yake, hautaigusa.