Mji umekua kwa vizazi au kwa wahamiaji? Pima mwenyewe

Nafundisha jiografia hapa Bagamoyo, na wanafunzi hawachoki kuniandikia jibu lile lile: watu wanahamia Dar es Salaam, kwa hiyo Dar inafurika. Haya, shika kalamu.

Anza na sensa mbili. Tanzania nzima mwaka 2012 ilikuwa na watu 44,928,923. Mwaka 2022, 61,741,120. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.37. Wanaoingia kutoka nje ya nchi ni wachache, hivyo karibu ongezeko lote hilo ni vizazi ukitoa vifo. Hicho ndicho kipimo chako.

Sasa Dar: 4,364,541 mwaka 2012. Zidisha kwa 1.37, unakaribia milioni 6. Lakini waliohesabiwa 2022 ni 5,383,728. Pungufu ya karibu laki sita! Sehemu yake inatokana na uzazi, maana wanawake wa Dar huzaa watoto wachache kuliko wa vijijini. Je, sehemu nyingine?

Vuka mpaka. Mkoa wa Pwani ulitoka 1,098,668 ukafika 2,024,947, zaidi ya kipimo kwa laki tano na ushei. Sisi wa huku hatukuhitaji sensa kutuambia. Pita Mapinga na Kerege uone mashamba yalivyokatwa viwanja, kisha jaribu kupata siti kwenye daladala ya alfajiri. Mtu anashinda Dar, analala Pwani, na sensa humhesabu alipolala. Wapo pia waliotoka mikoa mingine moja kwa moja, hata Dar hawajawahi kuishi.

Kwa hiyo jumlisha mikoa yote miwili: 5,463,209, halafu 7,408,675. Uwiano ni 1.36, sawa na nchi nzima kwa karibu sana, ingawa uzazi wa Dar ni mdogo. Pengo hilo limezibwa na wahamiaji.

Tahadhari moja, na hapa wengi huanguka kwenye mtihani. Wanaohama wengi ni vijana, na vijana huzaa. Mtoto wa wazazi waliotoka Singida akizaliwa Kerege, anaandikwa upande wa vizazi, wakati asili yake ni uhamiaji. Basi usiishie kwenye jumla. Tazama jedwali la umri, hasa miaka 20 hadi 34.

Ukitaka zoezi, chukua Jiji la Tanga: 273,332 mwaka 2012, na 393,429 mwaka 2022.