Moto Kadutu: nani aliona, nani alisikia?

Vijana mnaoanza kazi ya habari hapa Bukavu, nyumba zikiungua Kadutu, sehemu ya mji wetu iliyo mlimani, kila mtu atawapa hesabu yake. Gawanyeni ukurasa wa daftari: upande huu waliyoyaona watu kwa macho, upande ule waliyoyasikia. Muulizeni kila shahidi alikuwa amesimama wapi. Kisha pandeni mlima mkahesabu wenyewe, hata kama shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, ameshatoa idadi. Zikitofautiana, andikeni zote mbili na kila moja imetoka kwa nani. Waliounguliwa wanastahili hesabu ya kweli.

Sentensi ya kwanza ibebe kilichotokea, wapi na lini. Msiandike "jana": habari huzunguka WhatsApp siku nyingi, na ndugu aliye Goma atadhani moto umewaka tena. Wekeni tarehe.