Kitanga cha kwanza: kusuka ukili na wajukuu kibarazani

Kwetu Pemba, mwanamke wa rika langu ukimkuta amekaa mikono mitupu, basi ujue anaumwa au ana mgeni. Mimi nikishaswali alasiri hutandika jamvi kibarazani, nikavuta fungu langu la miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, na kabla sijasuka hata shubiri moja wajukuu wameshafika. Wa kike ana miaka minane, namwita mke mwenzangu. Mdogo wake wa miaka mitano ndiye mume wangu. Kila siku namdai mahari, naye kila siku ananiahidi pishi ya karafuu.

Watu huniuliza nawatulizaje. Mtoto hatulii kwa kuambiwa atulie. Hutulia akiwa na kitu chake mkononi, tena kitu ambacho mwisho wake anauona. Mkeka mzima ni kazi ya wiki kadhaa, mtoto atauchukia kabla haujafika nusu. Kwa hiyo mimi huwaanzishia kitanga, kile kimkeka kidogo cha mviringo cha kuwekea sufuria ya moto, kinachoshonwa kwa ukili, yaani utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa. Jioni nne au tano kinakwisha. Nitaeleza namna ninavyofanya, hatua kwa hatua, ili bibi mwingine, au mama, au shangazi, aweze kukaa na watoto wake akafanya vilevile.

Vitu vya kuwa navyo

Miyaa mikavu fungu moja dogo, sindano ya gunia, uzi mnene, mkasi, kitambaa kikuukuu na maji kidogo kwenye beseni.

Wengine watasema mbona si kindu, yaani majani ya mkindu. Kindu ni laini na nyembamba, mkeka wake unang'aa, na mswala mzuri ni wa kindu. Lakini kwa mkono unaojifunza, anza na miyaa. Ni mipana, inavumilia kuvutwa, na mtoto akiharibu mmoja hakuna aliyepata hasara kubwa. Ndiyo hiyohiyo inayosukiwa majamvi ya kuanikia karafuu, kwa hiyo usidhani ni kitu dhaifu. Kindu wataikuta mbele ya safari.

Kama unakata mwenyewe, chukua kuti changa ambalo bado halijafunguka, wala usiukate moyo wa mti. Likianikwa juani siku kadhaa, ukijani unatoka linabaki jeupe-jeupe. Kwenye mikindu usipeleke watoto. Mashina ya makuti yake yana miiba mirefu, na jeraha lake linauma siku nyingi.

Hatua ya 1: Kuchana

Chana kila mwaa kwa urefu upate vipande vya upana wa nusu sentimita hivi, kama upana wa njiti mbili za kiberiti zilizolazwa pamoja. Mimi huchana kwa ncha ya sindano: naichoma karibu na shina la jani, navuta kwangu mara moja, linapasuka lenyewe likifuata mistari yake. Sauti yake watoto wanaipenda, kama karatasi inayochanika polepole.

Hapa ndipo kazi ya yule mdogo. Mtoto wa miaka mitano hashiki sindano, lakini anaweza kuchambua. Mpe vipande vyote avipange: vipana huku, vyembamba huku, vilivyopasuka kando. Usimwone anacheza. Ukili wenye miyaa isiyolingana hukaa upande, na kili zangu nyingi zimenyooka kwa sababu ya macho ya mtoto huyu.

Hatua ya 2: Rangi, ukitaka

Mama yangu alikuwa akichemsha mdaa kupata weusi. Siku hizi tunanunua rangi ya unga dukani. Chemsha maji, koroga rangi, zamisha miyaa mpaka ikolee, kisha ianike kivulini. Kwa kitanga cha kwanza rangi moja inatosha: miyaa miwili ya zambarau katika mitano, iliyobaki meupe. Maji yakichemka watoto wakae mbali na jiko.

Hatua ya 3: Kulainisha

Mwaa mkavu ukiukunja unavunjika, hasa wakati wa kaskazi. Chovya kitambaa majini, kikamue, funga miyaa ndani yake kwa nusu saa. Usiiroweke kwenye beseni. Mwaa ulioshiba maji unavimba, ukishasuka na ukakauka unanywea, na ukili unabaki na matundu. Ukiugusa uwe na ubaridi bila kulowesha vidole, hapo uko sawa.

Hatua ya 4: Kusuka

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Chukua miyaa mitano. Urefu wake usilingane, nitasema kwa nini. Funga ncha pamoja kwa kipande cha mwaa, ukibane kifundo hicho kwa kidole gumba cha mguu na kidole kinachokifuata. Ndivyo tulivyofundishwa sisi na hakuna kibanio kinachoshinda hicho. Kaa miguu mbele, mtoto akae ubavuni kwako, asikae mkabala nawe. Akikaa mkabala ataona kila kitu kinyume, mkono wako wa kulia utakuwa kushoto kwake, na atachanganyikiwa bure.

Tandaza miyaa: miwili kushoto, mitatu kulia. Sasa shika wa mwisho kabisa kulia. Ukunje upite juu ya jirani yake, kisha uingie chini ya unaofuata, utokee upande wa kushoto. Hesabu tena: kushoto sasa iko mitatu, kulia imebaki miwili. Kwa hiyo shika wa mwisho kabisa kushoto, pitisha juu ya jirani, chini ya unaofuata, utokee kulia. Basi, hakuna kingine. Upande wenye watatu ndio unaotoa mgeni.

Mke mwenzangu nilimfundisha hivi: "Juu, chini, hodi." Mwaa ukitokea upande wa pili anasema "hodi", nami naitika "karibu". Siku ya kwanza tuliitikiana mpaka jirani akatoka kuangalia nani anagonga mlango. Siku ya tatu mdomo ulinyamaza, vidole vilikuwa vimeshika.

Kila mwaa unapokunjwa pembeni, ubane kwa ukucha ulale bapa. Mkunjo ukiwa mviringo, ukingo wa ukili unakuwa na mawimbi na hautashoneka. Kila baada ya shubiri moja, laza ukili juu ya goti ukaupige pasi kwa kiganja.

Ukisuka hivi utapata ukili wa upana wa kama sentimita moja na nusu.

Hatua ya 5: Kuunga

Hakuna mwaa unaotosha mwanzo hadi mwisho. Ukiona mmoja umebaki kama urefu wa kidole, laza mpya juu yake, viende pamoja kana kwamba ni mmoja, juu, chini, hodi, mara tatu au nne. Kisha uache mkia wa zamani uchomoze upande wa chini uendelee na mpya. Mikia yote itoke upande mmoja, huo ndio utakuwa mgongo wa kitanga. Tutaikata mwishoni.

Ndiyo sababu nikasema urefu usilingane. Ikiisha miwili mahali pamoja, hapo ukili utakuwa mnene kama fundo na siku moja utakatikia hapohapo.

Hatua ya 6: Kupima

Kwa kitanga cha sentimita 20 unahitaji ukili wa mita mbili na kidogo. Sisi tunasema pima moja na shubiri mbili. Pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole, na ndani yake mna mikono minne, kila mkono shubiri mbili. Waachie watoto wapime wenyewe. Wangu walizozana jioni nzima, kwa sababu shubiri ya mdogo ilitoa kumi na tano na ya dada yake kumi na tatu, na yangu kumi. Niliwaacha wabishane mpaka wakagundua wenyewe kwamba ukili ni mmoja ila viganja ndivyo tofauti. Skuli nadhani wangefundishwa jambo hilo kwa ubao na chaki.

Hatua ya 7: Kushona

Lowanisha ukili tena kidogo. Tia uzi kwenye sindano, pitisha kwenye ukingo mmoja wa ukili kwa urefu wa upana wa kiganja, kisha vuta uzi taratibu. Ukingo huo utajikusanya, ukili utajipinda wenyewe uwe duara dogo. Hicho ndicho kitovu. Kifunge vizuri kwa mishono miwili, kwa maana kitovu kikilegea kitanga chote kinalegea.

Kuanzia hapo ukili unazunguka kitovu, ukingo kwa ukingo, haupandi juu ya mwenzake. Sindano inashika mkunjo mmoja wa ndani na mmoja wa nje, unavuta, unakwenda kwenye unaofuata. Kila baada ya mishono mitano laza kitanga sakafuni ukitazame. Kikiinuka pembeni kama bakuli, unaubana sana ukili wa nje, ulegeze. Kikifanya mawimbi kama pindo la gauni, umeulegeza mno, ubane.

Mtoto wa miaka minane anaweza kushona ukiwa umekaa naye, sindano ikienda mbele na kamwe isielekee tumboni. Kazi ikisimama, sindano inachomwa kwenye kitambaa, hailazwi jamvini.

Mikono ikishashika kazi hii, ndipo vitendawili vinapotoka. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mkubwa analijua yai siku nyingi, anajiziba mdomo ili mdogo ajibu. Mdogo akishindwa ananipa mji. Juzi alinipa Wete, nikaenda Wete, nikala huko, nikanunua na kanga, nikarudi na jibu. Na katikati ya mambo hayo, bila kuulizwa, mkubwa akaniambia kwamba skuli kuna mwenzake anamcheka kwa kusoma polepole. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Sidhani angeyasema akiwa amenitazama usoni. Sikuacha kushona, nikamjibu nikiwa nimeinamia kazi yangu, tukazungumza mpaka adhana ya magharibi.

Jambo moja nililokosea

Mara ya kwanza nilipomfundisha, ukili wake ulikuwa na sehemu moja iliyopinda, karibu shubiri nzima. Usiku alipolala niliufumua nikausuka upya, ulionyooka. Nilidhani namsaidia. Asubuhi aliuchukua, akaupitisha baina ya vidole kama anayehesabu tasbihi, akafika pale, akasimama. Akasema, "Bibi, huu si wangu." Akaukunja, akauweka juu ya sanduku langu. Hakukaa kibarazani wiki nzima. Nilimwomba radhi, naye akanikubalia kwa sharti tuanze upya, mwanzo kabisa, na mimi nisiuguse.

Tangu hapo nina kanuni moja: ukili wa mtoto haufumuliwi na mtu mwingine. Akiona kosa mwenyewe akataka kufumua, mwonyeshe njia. Asipoliona, liache lishonwe. Palipopinda patakaa kwenye duara kama palipo sawa, na sufuria haitalalamika. Kikitoka kimeinuka kama bakuli, kiacheni kiwe bakuli mtie ubani au ndimu.

Hatua ya 8: Kumaliza

Shubiri ya mwisho ya ukili usiisuke kwa upana uleule. Kata mwaa mmoja kati ya mitano, usuke minne iliyobaki kwa kubana, kisha mitatu kama nywele, ili ukili uishe mwembamba na duara lisiwe na kigongo. Ncha ya mwisho ipeleke mgongoni uishone hapo.

Kiache kikauke siku nzima kivulini. Hapo ndipo unakata mikia, si kabla, maana mwaa mbichi ukikatwa unarudi ndani na kiungo kinachomoka. Kazi ya kukata mpe mdogo kama ameshazoea mkasi, wewe ukishika kitanga. Ikishaisha, kiweke chini ya godoro usiku mmoja kilale bapa. Wangu waligombania godoro la nani, ikabidi kilale usiku mmoja kwa kila mmoja.

Siku ya kukitumia, usikitandike wewe. Pika, ipua sufuria, ishike na vitambaa vyako mkononi, uulize wapi niweke. Mke mwenzangu alikimbia ndani, akakileta kwa mikono miwili, akakiweka mbele yangu mgongo ukiwa chini. Mdogo wake akapiga kelele kwamba na yeye ndiye aliyechambua miyaa. Kesho Ijumaa hakuna chuo cha Kurani, na fungu lake limeshafungwa kwenye kitambaa kibichi.