Kabla ya kuanza shahada ya utayarishaji wa filamu ughaibuni

Barua ya kukubaliwa chuo ikishafika, wengi hukimbilia kununua kamera. Subiri. Idara nyingi za filamu zina stoo ambako wanafunzi huazima kamera, taa na maikrofoni kwa kuweka nafasi mapema, na mazoezi ya darasani hufanywa kwa vifaa hivyo. Iandikie idara uulize mambo matatu: inaazimisha kamera gani, inahariri kwa programu gani, na kompyuta za chumba cha uhariri ni Mac au Windows. Majibu hayo yatakuonyesha cha kununua. Wakati ukisubiri, nunua diski mbili za SSD za terabaiti 1 kila moja, hedifoni za waya zinazofunika sikio lote, glavu nene za kushikia taa za moto, na viatu vinavyofunika vidole. Hedifoni za Bluetooth hazifai kwenye kurekodi: sauti huchelewa kufika sikioni, na mdomo wa mwigizaji hauendi sawa na unachokisikia.

Anza na sikio

Tunaamini kazi nyingi za mwaka wa kwanza huangushwa na sauti kuliko picha, na sababu yake ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, ila mngurumo wa friji na mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Maiki ikitoka sentimita 50 hadi mita 2, umepoteza desibeli 12 za maneno bila kupunguza kelele hata kidogo. Ukipandisha sauti wakati wa kuhariri, kelele nayo inapanda.

Fanya jaribio hili ukiwa nyumbani. Rekodi sentensi moja kwa simu ukiwa sentimita 30, kisha rudia mita 2, chumba kilekile. Sikiliza kwa hedifoni. Baada ya hapo zima friji urudie tena, na uweke funguo zako za nyumba ndani ya friji hiyo: hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Kwenye kinasa sauti weka kilohezi 48 na biti 24. Kwenye mita ya kinasa hicho maneno yafike juu karibu na desibeli -12, yasiguse 0, kwa kuwa sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kabla ya kufungasha, waambie wote wanyamaze, urekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba hicho. Mhariri akikata kikohozi katikati ya sentensi bila kuwa na ukimya huo wa kujazia, panabaki shimo ambalo kila sikio linalisikia.

Umeme na mwanga wa nchi uliyopo

Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia umeme wa hezi 50, sawa na Ulaya. Marekani na Kanada ni hezi 60. Taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara mbili ya idadi hiyo kwa sekunde, yaani mara 100 au 120. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Ukiiacha shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) kwenye 1/50 ya sekunde kama ulivyozoea, ukarekodi Marekani chini ya taa za aina hiyo, mistari ya giza itatembea juu ya picha. Huko weka 1/60, na kwenye nchi za hezi 50 weka 1/50. Uliza pia idara inataka fremu (picha moja moja za video) 24, 25 au 30 kwa sekunde, kwa sababu kuchanganya kasi mbili kwenye mradi mmoja huleta picha inayorukaruka.

Volti nazo zinatofautiana: Marekani 120, nyumbani 230 hadi 240. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Balbu ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 itaungua papo hapo.

Ngozi nyeusi mbele ya kamera

Hili lifanyie mazoezi mengi kabla ya kwenda, maana unaweza kukutana na darasa lisilolijua. Kamera ikiachiwa ijipangie mwanga, hutafuta wastani wa fremu nzima. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Uso huohuo ukijaza fremu, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi, ngozi inapauka kama imepakwa majivu.

Dawa ni kupanga mwangaza kwa mkono, ukipima usoni. Mtoe mtu mita 2 mbele ya ukuta mweupe, au tafuta ukuta wa rangi iliyokolea. Badala ya kumwelekezea taa kali, ielekeze taa kwenye ubao mweupe mpana ulio pembeni yake, karibu nyuzi 45. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao unaorudi kutoka kwenye chanzo kikubwa cha mwanga: mstari laini shavuni, ukingo wa pua, kipaji cha uso. Losheni kidogo usoni inasaidia mng'ao huo, kwa hiyo poda isizidi. Wakiwa watu wawili wa rangi tofauti kwenye fremu moja, mweupe ndiye anayesogezwa mbali na taa au kuzuiwa kwa kitambaa cheusi. Usikubali mweusi aachwe gizani.

Hesabu za faili

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5 (gawanya kwa 8). Hizo ni megabaiti 750 kwa dakika na gigabaiti 45 kwa saa. Kadi yenye alama V30 huhakikisha megabaiti 30 kwa sekunde, hivyo inatosha. Kwenye megabiti 400 unahitaji megabaiti 50, kwa hiyo tafuta V60. Kadi ikizidiwa, kamera inajizima katikati ya shoti.

Zifomati diski zako kwa mfumo wa faili wa exFAT ili zisomeke na kuandikika kwenye Mac na Windows. Diski ya NTFS, mfumo wa Windows, ukiichomeka kwenye Mac utasoma tu, huwezi kuandika. Ukinakili kutoka kwenye kadi, usitumie kata-bandika. Nakili kwenye diski mbili, linganisha ukubwa wa folda, fungua klipu chache mwanzo na mwisho wake, ndipo uifomati kadi ndani ya kamera. Nakala ya tatu iwe jengo lingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Ukifanya mazoezi kwa simu, fahamu kwamba simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe. Ndiyo maana sauti iliyorekodiwa pembeni huanza sawa na kuachana na midomo baada ya dakika kadhaa. Tumia programu ya kamera inayofunga kasi hiyo.

Karatasi

Andika skripti ya kurasa tatu, herufi za Courier ukubwa wa 12. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja. Uwe na waigizaji wawili na mahali pamoja. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili ukaweka tafsiri chini ya picha: mistari isiyozidi miwili, yenye herufi zisizozidi 42 kila mmoja, na sehemu ya chini ya fremu uiache wazi tangu wakati wa kupiga picha.

Kila anayeonekana asaini ridhaa. Wimbo wa rafiki yako msanii nao unahitaji vibali viwili, cha utunzi na cha rekodi yenyewe, na mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti. Ukikosa kimoja, tamasha linaweza kuikataa filamu.

Safari na viza

Betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini. Zidisha volti kwa ampia-saa: hadi wati-saa 100 zinaruhusiwa, 100 hadi 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege na zisizidi mbili. Funika ncha zake kwa tepu.

Viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri, na kurekodi sherehe za watu kwa malipo huhesabika hivyo, hata kama ni wikendi moja. Marekani kazi ya nje ya chuo inahitaji idhini kwanza. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujapokea malipo ya awali ya mtu yeyote.