Bustani ya mboga Muscat: pima maji, subiri udongo upoe

Wengi wetu tulioko Oman wenye asili ya Unguja, Pemba au Mombasa tumelelewa kulima kwa kutega masika na vuli. Muscat mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, nayo haina miadi. Hapa msimu wa mboga huletwa na baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi.

Kabla ya kununua mbegu, yajue maji yako. Maji ya bomba Muscat kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hayo hayana tabu. Visima ndivyo vya kuogopwa, hasa ukanda wa Batinah, ambako kuvuta maji kupita kiasi kumeiingiza bahari chini ya ardhi. Peleka chupa ya maji yakapimwe chumvi. Ikiwa imezidi, acha maharage, karoti na vitunguu. Hivyo ndivyo vinavyodhurika mwanzo. Bitiruti na spinachi huvumilia zaidi.

Chumvi naihofia kuliko kiu. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, maji hukauka juu na chumvi hubaki. Mwagilia mpaka maji yazame chini ya mizizi, kisha subiri. Kwa umwagiliaji wa matone, chumvi hujikusanya ukingoni mwa sehemu yenye unyevu. Manyunyu yakianza, watu hufunga mipira wakidhani wanaokoa maji, kumbe mvua ndogo huirudisha chumvi ile mizizini. Acha mipira wazi mpaka manyunyu yaishe.

Kwetu tunainua matuta ili maji yatoke. Huku fanya kinyume: tengeneza majaruba yaliyozama sentimita 10 hadi 15, yatunze unyevu na kuikinga miche na upepo. Changanya mboji na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, maana mbichi huunguza na huongeza chumvi. Tandaza juu makuti ya mtende yaliyokatwakatwa. Majivu usitie, udongo wa huku una chokaa ya kutosha. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Tafuta mbolea ya chuma aina ya EDDHA, ndiyo inayofanya kazi kwenye chokaa.

Nyanya, biringani na pilipili zisie kitaluni, chini ya wavu wa kivuli, mwishoni mwa Agosti au Septemba, uhamishe miche Oktoba. Saladi isubiri. Udongo ukipita nyuzi 30 hivi, mbegu zake nyingi hulala tu, na mkulima humlaumu muuza mbegu bure. Karoti na figili zipande moja kwa moja shambani. Figili utaila ndani ya mwezi.

Kotmiri ina siri yake: kila punje ni mbegu mbili ndani ya ganda moja. Zibiringishe chini ya chupa zipasuke, zilowanishe usiku kucha, upande kidogo kila baada ya wiki mbili, kwani joto likirudi hukimbilia kutoa maua. Uwatu na shibiti ni rahisi, mwaga mbegu ufukie kidogo. Mnanaa upe chungu chake peke yake, mizizi yake huvamia jaruba zima, na Aprili kihamishie upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri.