Kuanza Udereva wa Malori Makubwa Baada ya Kutoka Jeshini: Mwongozo kwa Walio Lubumbashi

Askari anayestaafu akiwa na miaka 45 au 50 na kurudi Lubumbashi hahitaji kuulizia sana kazi inayoendesha mji huu, kwa sababu inapita mbele ya macho yake mchana na usiku. Malori hutoka Kolwezi na Likasi yakiwa na shaba na kobalti, hufuata Barabara ya Kitaifa namba 1 hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka mjini, kisha hurudi na salfa, asidi, mafuta, unga wa mahindi na vipuri vya migodi. Kazi hiyo inaweza kuanzwa hata katika umri huo. Haianzwi, hata hivyo, kwa namna ambayo wengi waliotoka kikosini huitarajia, yaani kuingia kwa mwenye malori, kutaja cheo cha zamani na kukabidhiwa funguo.

Shughulikia hati kwanza. Lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500 huhitaji permi, yaani leseni ya udereva, ya kundi C, na ukitaka kuvuta trela kubwa utahitaji pia kundi E. Aliyeendesha magari ya jeshi kwa miaka mingi huamini kwamba permi ya kijeshi inamtosha, lakini mwajiri na kampuni ya bima wataitaka permi ya kiraia ya kundi linalohusika, na ajali ikitokea bila hiyo hakuna atakayekutetea. Sishauri hata kidogo kununua permi bila kukaa kwenye usukani mbele ya mtahini. Wenye malori wanaijua tabia hiyo, na ndiyo maana wengi wao hukupeleka kwanza uwanjani urudishe trela kinyumenyume mbele ya fundi wao, kabla hata ya kuitazama karatasi yako.

Kwa safari za nje utahitaji pasipoti, pamoja na hati mbili za njano ambazo wageni wa kazi hii huzichanganya. Kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni bima ya gari, inayolipia madhara utakayowasababishia watu wengine katika nchi zilizomo katika mpango huo, na kwa kawaida hutafutwa na mwenye lori. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano ni yako wewe. Tangu mwaka 2016 dozi moja inatambuliwa kimataifa kwa maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa ukiwa jeshini, itafute hati hiyo kabla ya kulipia nyingine. Tunza pia cheti kinachoonyesha kwamba umeondoka jeshini kihalali, na usiweke nguo yoyote ya kijeshi ndani ya kabini, hata jaketi kuukuu la kujikinga na baridi, kwani mpakani itakuletea maswali ambayo hayana faida.

Kuhusu afya, pima macho, shinikizo la damu na sukari kabla hujatumia fedha kwa mafunzo. Ikiwa umetoka vitani na bado unashtuka usingizini, au honi ya ghafla inakutoa jasho, zungumza na daktari kabla ya kukubali safari za usiku ukiwa peke yako. Hilo si aibu, nalo lina tiba.

Baada ya hapo huja hatua inayowashinda watu wazima kuliko zote, ambayo ni kukubali kuwa boi-shofa, yaani msaidizi wa dereva. Shofa wa miaka 30 atakuita papa, yaani baba, na papo hapo atakutuma uweke kabari chini ya gurudumu. Ukae naye kwa miezi kadhaa bila kinyongo, kwa sababu hakuna shule ya udereva itakayokufundisha yale anayoyajua kuhusu kuunganisha trela, kusoma mwendo wa hewa ya breki na kugawanya uzito.

Chukua mfano wa kuunganisha trela, kazi inayoonekana rahisi mpaka siku trela linapochomoka njiani. Rudisha kichwa cha lori polepole, simama kabla hakijagusa trela, kisha ushuke uangalie urefu: sehemu ya mbele ya trela inapaswa kukutana na sahani ya kichwa na kuilalia, kwa maana ikiwa juu mno, pini ya chini ya trela itapita juu ya kufuli la sahani na utadhani imeshika. Ukishasikia kufuli limejifunga, usiamini sikio lako. Trela likiwa bado limefungwa breki, weka gia ndogo na ulivute taratibu kwenda mbele, kisha ushuke tena na tochi, uingize kichwa chini na kuhakikisha kwamba taya za kufuli zimeikumbata pini na kwamba hakuna mwanga unaopenya kati ya sahani na trela. Ndipo uhakikishe mipira ya hewa na waya wa taa vimekaa sawasawa, na mwisho uinue miguu ya trela. Shofa mzoefu hufanya haya yote hata mvua ikinyesha, na hata kama aliyeliunganisha kabla yake ni rafiki yake.

Breki za hewa nazo zina adabu yake. Kila asubuhi toa maji yaliyojikusanya chini ya matangi ya hewa, washa injini, na usiondoke kabla ya geji kufika kiwango cha kazi, ambacho katika malori mengi ni karibu bar 8. Hewa ikipungua sana, springi hufunga magurudumu ya nyuma zenyewe. Zimeundwa hivyo ili kukulinda, ingawa zikifunga katikati ya mteremko utaona kama zimekusaliti. Kabla ya kuanza kushuka, chagua gia ndogo na utumie breki ya injini, kwa sababu anayekanyaga breki mfululizo hadi chini huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki.

Jifunze tabia ya mzigo. Mabamba ya shaba ni mazito kiasi kwamba lori lililojaa kisheria huonekana kama tupu, na mgeni hushangaa kuambiwa kwamba hakuna tena nafasi. Katika nchi za ukanda wetu kikomo cha kawaida cha gari na mzigo wake ni tani 56, lakini mizani hupima pia kila kundi la ekseli, kwa hiyo mzigo uliopangwa vibaya unaweza kukukwamisha hata kama jumla yake haina kosa. Asidi ni jambo jingine: tangi lisilojaa huyumbisha kimiminika, na unapofunga breki hicho kimiminika hukusukuma kutoka nyuma. Usikubali mzigo huo katika mwaka wako wa kwanza, hata kama posho yake ni nzuri.

Anzia njia ya Likasi na Kolwezi, kisha Kasumbalesa, kisha Ndola, ambako Kibemba kinachosikika mitaani Lubumbashi kitakusaidia. Huko Kapiri Mposhi barabara hugawanyika, moja ikielekea Lusaka na kusini, nyingine Nakonde na Tunduma hadi Dar es Salaam, ambako Kiswahili chako kitakufikisha popote. Kumbuka kwamba kwetu tunaendesha upande wa kulia, na Zambia, Tanzania na Afrika Kusini huendesha kushoto. Hatari haiko sana pale mpakani, kwa kuwa hapo kila mtu yuko macho. Iko alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta kuingia barabara tupu, na mikono inakurudisha kulia bila kukuuliza.

Jeshi limekupa kuamka mapema, kukagua kifaa kabla ya kukitumia na kungoja bila kuvurugika, na katika foleni ya Kasumbalesa, inayoweza kula siku nzima na zaidi, sifa ya mwisho ni mali. Limekupa pia mawili ya kuyaacha: kuona fahari ya kutolala, na sauti ya amri. Kwenye kizuizi au dirisha la forodha wewe ni raia mwenye karatasi, na anayetaja cheo chake cha zamani mara nyingi ndiye anayehudumiwa mwisho.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza nani hulipia siku za kungoja mpakani, nani hulipia tairi lililopasuka, na kama jina lako litaandikishwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa anayeanza na miaka 50 ana miaka michache ya kuchangia. Soma kwa makini kifungu cha mzigo uliopungua. Wezi hupanda malori yanayokwenda polepole, na mikataba mingine hukata hasara yote kwenye mshahara wa shofa. Dai kuhesabu mzigo na kuandika namba za plombe, yaani lakiri za kufungia mzigo, mbele ya mpakiaji, naye asaini; akikataa, lori lisitoke uwanjani.