SOMO: Kubunga bongo kwenye warsha, na kuchuja mawazo bila mwenyekiti kuyamaliza

Kila wiki natumiwa swali lile lile faraghani: "Mwalimu, nina warsha Jumamosi, nifanyeje watu watoe mawazo?" Jibu naliweka hapa. Atakayenitumia tena nitamrudisha kwenye uzi huu. Mfano wangu ni biashara ya omena (dagaa wa ziwani) kule Dunga, kwa sababu wengi wa tulio Kisumu tunaijua.

1. Vifaa. Manila, selotepu, vikaratasi vya kubandika, kalamu nene nyeusi. Biki haisomeki ukutani.

2. Meza. Watu sita. Wakizidi, ongeza meza.

3. Swali. Liandike juu ya manila, lianze na "Tunawezaje". "Tunawezaje kuinua uchumi wa Nyanza?" ni pana mno, mtabaki kuhutubiana. "Tunawezaje kutengeneza programu ya simu ya kuuza omena?" nalo limeshajijibu. Mimi hutumia hili: "Tunawezaje kumsaidia mama asipate hasara mvua ikimkuta na omena mbichi?" Omena hukaushwa juani. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, inaoza, au inaenda kwa bei ya chakula cha kuku. Swali lina mtu ndani yake, lina shida, na dawa bado haijatajwa.

4. Andikeni kimya. Najua mmezoea mwezeshaji asimame mbele, watu wapaaze sauti, yeye aandike. Mtindo huo ulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara New York, na kanuni zake bado ni nzuri: usikosoe, taka mengi, karibisha ya ajabu, jenga juu ya la mwenzako. Kasoro ni kuongea. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne wanaojadiliana na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa karibu maradufu. Mwaka 1987 watafiti Diehl na Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: mmoja akiongea, wengine wanangoja zamu, na wazo linayeyuka kichwani.

Kwa hiyo tumia njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach ya mwaka 1968. Watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa jirani karatasi. Jirani anasoma, anaongeza matatu yake. Karatasi ikizunguka meza nzima, mna mawazo 108 kwa nusu saa. Mengi yatakuwa takataka au yatajirudia. Ni sawa.

5. Bandika, panga yanayofanana pamoja. Msijadili bado.

6. Kuchuja. Warsha nyingi hufia hapa. Mwezeshaji anagawa stika ndogo nyekundu, anasema "haya, pigeni kura." Mwenyekiti anaamka wa kwanza, anabandika zake tatu kwenye karatasi moja, anarudi kuketi taratibu. Subiri dakika mbili uangalie ukuta: karatasi ile imejaa vidoa vyekundu hadi maneno hayaonekani, na zile za mama aliyekaa karibu na mlango hazina hata kimoja. Mmepiga kura ya heshima, na wazo lililobaki ni lile alilokuja nalo mwenyekiti kutoka nyumbani.

Fanya hivi:
- Kabla ya kura, kubalianeni vigezo viwili au vitatu. Mfano: mama aweze kulianza kwa pesa zake mwenyewe, na lifanye kazi siku ya mvua.
- Kila wazo lipe namba. Kila mtu aandike namba zake tatu kwenye kikaratasi AKIWA AMEKETI. Ndipo wote, isipokuwa mkubwa, waamke pamoja kubandika stika.
- Mkubwa abandike mwisho. Kila mara.
- Yaliyoshinda yaweke kwenye mistari miwili inayokatana: mmoja wa faida kubwa au ndogo, mwingine wa kazi rahisi au ngumu.
- Bakiza moja la ajabu hata kama halikupata kura. Kura hupenda mambo yaliyozoeleka.

7. Jaribu wazo lililoshinda kwa bei rahisi, na mtu mmoja, wiki hiyo hiyo.

---

kijana_kondele: Mwalimu, hatua ya nne inachukua muda gani?

Jibu: Nimeandika. Soma.

mwl_bondeni: Asante kutoka Nakuru. Je, wasiojua kuandika? Kikundi changu kina wazee.

Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Wachore. Asiyetaka kuchora mpe kijana wa kumwandikia, ila kijana aandike maneno yale yale aliyoambiwa, kwa Kidholuo au lugha yoyote. Simama karibu nao. Vijana hupenda "kurekebisha" wazo la mzee hadi linakuwa lao.

mjanja254: Mambo mengi bure. Si uulize tu akili bandia, upate mawazo mia kwa dakika?

Jibu: Uliza. Halafu waambie kina mama wa Dunga ndiyo watakayofuata, uone wangapi watarudi kesho.

nyar_dunga: Mimi nauza omena. Vitanda vya wavu vya kuanikia tunavyo wengine, usidhani hatuna. Balaa ni mvua ya ghafla ukiwa sokoni na hakuna wa kuanua.

Jibu: Asante, dada. Swali langu la hatua ya tatu umelibadilisha: "Tunawezaje kuanua omena mwenyewe akiwa mbali?" Wengine mnaosoma, huyu ndiye mtu wa kukaa mezani kabla hamjafungua selotepu.

afisa_miradi: Mkurugenzi wangu hatakubali kupiga kura mwisho.

Jibu: Mpe saa na filimbi, awe mtunza muda. Wengi hufurahia. Akikataa, vikaratasi visiwe na majina na wewe ndiye ubandike stika za wote.

mwl_bondeni: Nyongeza: nauli ilipwe jioni. Ukilipa saa nne, baada ya chakula unabaki na viti.

Jibu: Kweli kabisa. Na chai ije baada ya hatua ya nne. Ikija katikati, mzunguko umekwisha.

kijana_kondele: Nimesoma sasa. Vikaratasi vyangu huanguka feni ikiwashwa, kwa nini?

Jibu: Hapo umeuliza. Unavibandua kutoka chini kwenda juu, vinajikunja. Bandua kwa kuvuta kando, kutoka kushoto kwenda kulia, vitalala bapa. Na kama ukuta una vumbi, bandika manila kwanza, kisha vikaratasi juu yake.